Mboga Asubuhi, Tunda Mchana

Methali hii haimlaumu mtu kwa kuwa na mikono miwili. Inamlaumu kwa kudhani kwamba kila mkono una akili yake, na kwamba wa kulia ukidanganya, wa kushoto hautaulizwa. Waliotutangulia walisema kuwa mshika mbili moja humponyoka. Hawakusema ni ipi. Hapo ndipo penye uchungu wake, kwa maana mshikaji huwa amekwisha kuichagua moyoni ile ambayo yuko radhi kuipoteza, na kwa kawaida siyo hiyo inayoponyoka.

Mwanamke wa hadithi hii aliitwa Kotekote. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na foleni. Benki, zahanati, ofisi ya maji, popote palipokuwa na madirisha mawili, yeye alipanga foleni zote mbili: mwenyewe huku, mkoba wake kule, umewekwa sakafuni nyuma ya mtu wa mwisho kama mtoto aliyeambiwa asitoke hapo. Foleni ya mkoba ikienda upesi, aliufuata mkoba. Ya kwake ikienda upesi, alipaza sauti mtu ampitishie mkoba. Watu walinung'unika, wakasonya, wengine wakacheka, na kabla hawajamaliza kucheka yeye alikwisha kuhudumiwa na kuondoka. Ukweli usemwe: kwa miaka mingi mbinu hiyo ilimfaa. Na kasoro inayomfaa mtu kwa miaka mingi huwa ngumu kumtoka kuliko kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Kwa ujanja na bidii yake, Kotekote alikuwa amepanda kutoka kibanda cha vinywaji hadi duka la jumla. Sasa alikuwa amepata tenda ya kupeleka juisi katika shule zote za mji, kuanzia siku muhula mpya utakapofunguliwa. Shule hazikutaka soda wala maji ya rangi. Zilitaka juisi tupu, isiyotiwa maji, isiyotiwa dawa ya kuhifadhia. Akaagiza kutoka ng'ambo kontena zima la baridi, limejaa chupa ndogo ndogo za juisi iliyochanganywa: chungwa, tufaha, karoti na tango. Juisi ya namna hiyo huishi kwa baridi kama samaki anavyoishi kwa maji.

Mumewe alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache na randa nyingi. Karakana yake ndiyo iliyokuwa chumba pekee kikubwa katika nyumba yao. Kotekote alipohitaji ghala, fundi hakubishana. Aliitoa nje meza yake ya kazi, ambayo aliirithi kwa baba yake, akaifunika kwa turubai nyuma ya nyumba. Akatia patasi na misumeno katika magunia. Kisha akaanza kupigilia rafu za kupangia juisi mahali palepale alipokuwa akitengeneza vitanda vya watu. Wateja wake akawaambia waende kwa fundi mwingine. Kwa hiyo kontena lile halikubeba juisi tu. Lilibeba karakana ya mtu.

Wakala wa forodha, yule ambaye kazi yake ni kuutoa mzigo bandarini, alikuwa ndugu mdogo wa fundi. Jioni moja alikuja ghalani, akaketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na kitabu cha ushuru magotini.

"Shemeji, nisikilize vizuri nisije nikarudia," alisema. "Kitabu hiki kina nyumba moja ya juisi. Mlangoni pake pameandikwa: juisi za matunda au za mboga, zisizochacha, zisizotiwa kileo. Ukishapita mlango huo, ndani mna vyumba. Chungwa lina chumba chake. Tufaha lina chake. Mboga zina chao. Na chumba cha mwisho kabisa, kule uani, ni cha mchanganyiko. Juisi yako inalala huko."

"Na ushuru?"

"Wa mboga ni mwepesi. Wa matunda unauma. Wa mchanganyiko uko katikati."

"Basi ni mboga," Kotekote alisema, kama mtu aliyemaliza kikao. "Karoti si mboga? Tango si mboga?"

"Na chungwa je?"

"Limeingia tu."

"Limeingia vipi? Limeruka dirishani?"

Fundi, aliyekuwa ameuma misumari miwili, alicheka kwa pua. Kotekote hakucheka.

"Haya, na wale wakaguzi wa vyakula?" aliuliza. "Wao nao wana vyumba?"

"Wao wana kinyume chake. Juisi ya matunda ina ukali, vijidudu haviipendi. Wanaipima asubuhi, mchana una cheti mkononi. Juisi ya mboga ni laini. Maabara lazima waangalie kama kuna kitu kitaota, na wewe unangoja wiki nzima na zaidi. Mchanganyiko, siku mbili tatu."

Wakala, aliyemjua Kotekote tangu siku alipoolewa, aliona macho yake yakienda kulia, kisha kushoto, kama ya mtu anayetazama madirisha mawili.

"Shemeji, usifikirie unachofikiria," alisema.

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana naogopa."

Fundi akatoa misumari kinywani. "Mke wangu, mimi ubao nikiuza nausema ulivyo. Siwezi kumwambia mteja wa asubuhi ni mti mgumu, wa jioni nikamwambia ni mti laini. Watakutana njiani."

"Mbao hazina ushuru," Kotekote alimjibu.

"Zina," wakala alisema. "Nazo zina vyumba."

Huenda mambo yangeishia hapo, wakala akajaza neno mchanganyiko, mzigo ukatoka, na hadithi hii ikakosa cha kusimulia. Lakini siku kontena lilipotua, jino la wakala lilitua nalo. Lilimshika usiku, likamlaza, asubuhi shavu lilikuwa kama amemeza yai zima. Akaenda kwa daktari wa meno. Kabla ya kwenda alimpigia Kotekote simu, akasema kwa nusu ya mdomo kwamba asifanye lolote mpaka arudi.

Kwa bahati mbaya, sheria iliruhusu mwenye mzigo kuueleza mzigo wake mwenyewe. Na jengo la bandari, kwa bahati mbaya zaidi, lilikuwa na ukumbi mmoja wenye madirisha mawili.

Kotekote alipanga foleni ya forodha. Mkoba wake akaupanga foleni ya wakaguzi wa vyakula.

Dirisha la forodha lilikuwa la mwanamke mwembamba, miwani yake imening'inizwa kwa uzi shingoni, kikombe chake cha chai kimefunikwa kwa kisahani kisiingie vumbi. Wote walimwita Bi Afisa.

"Juisi ya nini, mama?"

"Karoti na tango."

"Tu?"

"Kwa sehemu kubwa."

Bi Afisa akamtazama, akaandika alichoambiwa. "Sawa. Juisi ya mboga. Itakaguliwa katika uwanja wa mboga, kule mashariki. Tukifungua tukakuta vingine, tutarudi kuzungumza."

Hapo mkoba ulikuwa umefika mbele kwenye foleni yake. Kotekote aliuwahi. Dirisha la pili lilikuwa la mkaguzi wa vyakula, mwanamume mnene mwenye kofia nyeupe na kicheko cha karibu.

"Karibu, mama wa mkoba. Umeleta nini?"

"Juisi ya matunda, baba. Chungwa na tufaha. Ya watoto wa shule."

"Safi kabisa. Uwanja wa matunda, magharibi. Kesho tunaionja."

Kotekote alitoka jengoni akitembea kama aliyeshinda mbio. Akampigia shemeji yake. "Jino vipi? Pole. Mimi nimeshapita kote."

Upande wa pili wa simu palisikika mlio ambao haukuwa wa jino.

Kontena la baridi, kwa asiyelijua, ni jokofu kubwa lisilo na subira. Likikaa mahali pake limechomekwa umeme, linavuma na kupoza. Likihamishwa, plagi huchomolewa. Linapandishwa juu ya trela, linapanga foleni juani pamoja na malori mengine, na humo ndani joto linaanza kujipenyeza taratibu kama mdaku. Kompyuta ya forodha ililiita kontena la Kotekote kwenye uwanja wa mboga. Likapelekwa mashariki. Kabla ya zamu yake kufika, kompyuta ya wakaguzi wa vyakula ikaliita uwanja wa matunda. Likachomolewa, likapelekwa magharibi. Forodha wakaja mashariki kulifungua, hawakulikuta, wakaagiza lirudishwe. Wakaguzi wakaja magharibi na chupa zao za sampuli, wakakuta alama za magurudumu.

Dereva wa trela alikuwa wa kwanza kuchoka.

"Mama, mzigo huu umeoa wake wawili nini?" alimuuliza Kotekote. "Asubuhi unaamkia huku, jioni unalala kule!"

"Wewe endesha tu."

"Naendesha. Lakini hata mume wa wawili hupumzishwa."

Wapakuzi, ambao hawakosi beti kwa jambo lolote linalowapitia mbele ya macho, walimtungia wimbo. Kila trela lilipopita waliuimba kwa kupokezana:

Asubuhi huwa mboga,
Mchana tunda la soga,
Kontena lapata woga,
Halijui liitweje!

Wakala alirudi kazini shavu lake limefungwa kitambaa kilichokutana juu ya utosi kwa fundo, ncha zake zimesimama kama masikio ya sungura. Alikuta wameitwa yeye na shemeji yake mbele ya Bi Afisa. Mkaguzi wa vyakula alikuwepo pia, amejaza kiti. Chupa moja ya juisi ilisimama mezani. Juu ya lebo yake palichorwa chungwa na karoti vimekumbatiana kama maharusi.

Bi Afisa alivaa miwani. "Mama, naomba unieleze kwa upole, maana leo nimeamka vizuri na ningependa nimalize siku hivyo. Hili ni kontena moja au mawili?"

"Moja."

"Mbona kwangu ni mboga, na kwa mwenzangu hapa ni matunda?"

"Kwa sababu vyote vimo."

"Ahaa! Vyote vimo. Sasa tumefika. Kitu chenye vyote kinaitwaje?"

Wakala, ambaye kufungua mdomo kulimuuma, alimtazama Kotekote kama mwalimu anayemtazama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Alilitengeneza neno kwa midomo bila sauti: m-cha-nga-nyi-ko.

"Inategemea," Kotekote alisema.

Wakala akafumba macho.

"Inategemea nini?" Bi Afisa aliuliza.

Kotekote aliinyanyua ile chupa. Ilikuwa imekaa tangu asubuhi bila kutikiswa, na vilivyo vizito vilikuwa vimezama. "Tazama, mwanangu. Chini pekundu: karoti. Hii ni ya kwako, andika mboga. Juu pana maji ya manjano: chungwa. Hii ni ya huyu baba, aandike matunda. Kila mtu achukue chake. Ugomvi uko wapi?"

Mkaguzi alicheka mpaka kofia ikamwangukia usoni. Bi Afisa hakucheka. Aliichukua chupa, akaitikisa mara moja kwa nguvu, akaiweka mezani. Rangi zote zikawa moja.

"Sasa chora mpaka," alisema.

Kotekote hakuwa na kalamu ya kuchora mpaka huo.

"Mama," Bi Afisa aliendelea, na sauti yake ilishuka, "karoti na chungwa vikishaoana kwenye chupa, mtoto wao haendi kwa kina baba wala kwa kina mama. Ana chumba chake. Sema leo kwamba ni mchanganyiko, nitaandika kuwa umesahihisha mwenyewe. Hakuna adhabu. Litafunguliwa mara moja mbele yetu sote wawili, na keshokutwa litakuwa kwako."

"Shemeji," wakala alisema kwa nusu ya mdomo, "neno moja. Moja tu."

Je, mtu anapewa mlango ulio wazi kuliko huo? Lakini Kotekote alikuwa akiona vitu viwili vikimtoka kwa mpigo: ushuru mwepesi wa huku na cheti cha upesi cha kule. Kwake yeye, katikati hapakuwa mahali pa kufika. Katikati palikuwa pa watu walioshindwa kote kuwili. Akanyoosha shingo.

"Naomba wakubwa zenu waamue," alisema. "Wa huku na wa huku."

Bi Afisa alivua miwani, akaiacha ianguke kifuani. "Ni haki yako," alisema.

Nje, kwenye kibaraza cha jengo, wakala alivua kitambaa chake. Maumivu ya jino yalikuwa yameshindwa na maumivu mengine.

"Shemeji, unajua ulichofanya? Huku unakata rufaa kwamba ni mboga, kule unakata rufaa kwamba ni matunda. Ukishinda huku umeshindwa kule! Ukishinda kule umeshindwa huku! Ukishinda kote umefungwa!"

"Usinipigie kelele mbele za watu."

"Sipigi kelele, ndivyo mdomo ulivyofura! Kila rufaa inataka mzigo ukaguliwe upya uwanjani kwake. Umepanga foleni mbili, shemeji, na safari hii mkoba ni mimi!"

"Wewe huna imani. Mimi nimeanza na ndoo moja ya barafu na chupa za soda. Ningekuwa nasikiliza kila anayeniambia panga foleni moja, ningekuwa hapohapo kibandani."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na ukweli wake ndio uliomziba mdomo wakala. Alifunga tena kitambaa chake, akaenda kuandika rufaa mbili zinazopingana, huku akisonya kila baada ya mstari.

Kontena likaendelea kutembea, mashariki na magharibi, kwa kadiri ya vikao vya wakubwa. Mara mbili dereva alilala njiani na trela lake kwa sababu lango la uwanja lilikwisha kufungwa. Wakala alifika pale kila siku, akaweka kiganja ukutani mwa kontena kama mama anayempima mtoto homa, akamwambia shemeji yake kwamba mvumo wa mtambo haupo. Kila siku alijibiwa, "Kesho."

Kule nyumbani, fundi alimaliza rafu. Alizipiga msasa, akazipaka vanishi, akafagia sakafu. Chumba kilinukia ubao mpya na hakikuwa na kitu. Jioni, mkewe alipoingia amechoka, alimwuliza, "Ni lini, mke wangu?" Hakuuliza kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nyuma ya nyumba, turubai lililofunika meza ya baba yake lilikuwa likipigwapigwa na upepo.

Siku ya kuamkia kufunguliwa kwa shule, Kotekote alitangulia kufika bandarini. Hakuwa na mkoba wake. Alipita mbele ya wapakuzi, nao wakauanza wimbo wao, kisha wakauacha katikati walipomwona uso. Alisimama mbele ya dirisha la forodha, moja.

"Mwanangu," alimwambia Bi Afisa, "ni mchanganyiko."

Bi Afisa hakumcheka wala hakumsuta. Aliandika. Akampigia simu mkaguzi wa vyakula, akamwita dereva, na kwa mara ya kwanza kontena lile likawa na jina moja katika kompyuta zote mbili. Rufaa zikafutwa. Wakala, ambaye shavu lake lilikuwa limepungua, alimshika shemeji yake mkono.

"Shule wanafungua kesho asubuhi," alisema. "Mkaguzi amekubali kuipima leoleo, jioni tunapakia. Bado tumo."

Wakakusanyika uwanjani: Bi Afisa, mkaguzi, wakala, dereva na Kotekote. Wapakuzi nao walisogea, maana walijiona wana hisa katika mzigo huo. Lakiri iliyoufunga mlango ikakatwa. Mlango ukafunguliwa.

Hakuna baridi iliyotoka. Kilichotoka ni pumzi ya uvuguvugu, nzito, tamu, yenye uchungu kwa nyuma, harufu ambayo kila mtu mzima pale aliijua, wengine kwa kuipenda na wengine kwa kuoa walioipenda. Katoni za mbele zilikuwa zimevimba. Mkaguzi alichana moja, akatoa chupa. Ilikuwa imetuna kama chura. Akagusa kizibo kwa kidole. Hakuwahi kukizungusha. Kizibo kiliruka kwa kishindo, kikaipiga kofia yake nyeupe na kuiangusha, na povu likamwogesha hadi viwikoni.

"Ala!" mpakuzi mmoja alisema. "Tunda limekuwa bunduki!"

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi alinusa kiganja chake, akagusa kwa ncha ya ulimi, akatema. "Imechacha," alisema. "Imechacha na imekomaa. Ukimpa mtoto wa darasa la kwanza hii, hesabu atazifanya kwa kuimba."

"Chupa za mbele tu," Kotekote alisema haraka. "Za ndani zitakuwa nzima."

Wakaingia ndani. Wakachana katoni za katikati, wakachana za mwisho. Popote walipogusa, vizibo vilijibu.

Kotekote aligeuka kwa Bi Afisa. "Lakini nimesema! Nimesema ni mchanganyiko! Umeandika mwenyewe!"

"Niliandika," Bi Afisa alisema. "Na kama ingekuwa bado juisi, ingelala chumba hicho." Alivaa miwani, na bila kufungua kitabu alikariri maneno yaliyoandikwa mlangoni: "Juisi za matunda au za mboga, zisizochacha, zisizotiwa kileo. Zisizochacha, mama. Hii haina chumba tena katika nyumba ile. Mlango wenyewe umeikataa."

"Sasa ni nini?"

"Si mboga. Si tunda. Si hata mchanganyiko wa juisi. Ni kinywaji kilichochacha. Kimo katika sura nyingine kabisa ya kitabu, pamoja na vileo. Ushuru wa vileo, kibali cha vileo."

"Na mimi," mkaguzi aliongeza, akijipangusa povu, kicheko chake kimemtoka, "cheti cha kinywaji cha watoto sitakitoa hapa hata malaika akija na muhuri wake."

Kotekote alitazama chupa, akamtazama Bi Afisa, akamtazama mkaguzi. "Kwani haiwezi kuandikwa..." alianza.

Shemeji yake alimtazama. Hakutengeneza neno lolote kwa midomo. Alimtazama tu, na kitambaa chake mkononi.

Kotekote alifumba mdomo.

Juisi ilimwagwa mbele yake, kwa sababu sheria hutaka mwenye mzigo ashuhudie. Chupa baada ya chupa, wapakuzi walifungua wakiwa wamegeuza nyuso pembeni, na mfereji wa uwanjani ukatiririka mwekundu na manjano, rangi ambazo hakuna aliyeweza tena kuzitenganisha. Asubuhi yake shule zilifunguliwa. Watoto walikunywa maji ya bomba. Baada ya muda mfupi tenda ilikwenda kwa muuzaji mwingine, naye aliagiza juisi ileile, ya kiwanda kilekile, yenye maharusi walewale juu ya lebo. Kwenye dirisha la kwanza alisema mchanganyiko. Kwenye la pili alisema mchanganyiko. Mzigo wake ulichomolewa mara moja tu, siku ya kwenda kwake.

Fundi hakumgombeza mkewe. Alilifunua turubai, akapangusa meza ya baba yake. Upande mmoja mvua ilikuwa imeufikia, na ubao ulikuwa umepinda. Aliupapasa pale ulipopinda kwa muda mrefu. Kisha akamwita ndugu yake, wakaibeba meza wakairudisha ndani, kati ya rafu zile zilizong'aa kwa vanishi.

"Rafu zitafaa kuwekea mbao," alisema. Hilo ndilo neno kali kuliko yote aliyopata kumwambia mkewe, naye Kotekote aliondoka akaenda jikoni kulia.

Siku moja Kotekote alionekana benki. Palikuwa na madirisha mawili. Alipanga foleni moja, na kama ilivyo desturi ya foleni duniani kote, ile nyingine ndiyo iliyokwenda upesi. Walioingia nyuma yake walihudumiwa, wakatoka, wakampungia mkono.

"Kotekote!" mmoja aliyemjua alimtania. "Leo mkoba unaumwa?"

"Haumwi," alijibu. Alikuwa ameukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. "Leo umesimama na mimi."

Alisimama hapo, akisonya, miguu ikimuuma, foleni yake ikienda kwa mwendo wa konokono, lakini hakuhama. Alikwisha kujifunza kwa kontena zima kile ambacho wengine hujifunza kwa maneno matatu manne: alishika ushuru mwepesi kwa mkono mmoja, akashika cheti cha upesi kwa mkono mwingine, na kilichoponyoka hakikuwa hiki wala kile, ilikuwa juisi yenyewe. Hakika, mshika mbili moja humponyoka.